Futi Ilipoteleza

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Futi hakuogopa ndege. Aliogopa maji. Hata beseni la kufulia alilitazama kwa jicho la pembeni. Kwa hiyo binti yake alipompigia simu kumwomba aende akampokee mjukuu wake wa kwanza, hakuuliza nauli wala baridi. Aliuliza ndege inapita wapi.

Binti akamweleza kwamba ni kilomita elfu kumi na moja, saa kumi na tatu angani, na karibu njia nzima ni nchi kavu, maana ndege hupanda kwanza kaskazini kisha ndiyo hushuka. Kiti alikuwa ameshikiwa bila kulipiwa hadi kesho yake jioni.

Bi Futi hakuwa mtu wa kuambiwa tu. Asubuhi alibandua ramani ya dunia iliyoficha ufa ukutani, akaitandaza kwenye meza ya kukatia na kunyoosha futi, utepe wake wa kupimia, kutoka mji wake hadi mji wa binti. Ikalala juu ya bahari tupu, mwanzo mpaka mwisho. Sasa nani mwenye akili zake atazunguka kaskazini, na mafuta yalivyo ghali? Roho ilimuuma. Miaka sita nyuma binti huyohuyo aliaga kwamba anakwenda mwaka mmoja, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akaamua haendi.

Saa nne akaingia mteja, mwalimu wa chekechea mwenye mimba ya miezi minane, akitaka gauni la kumfikisha salama. Bi Futi akashika ncha moja ya futi ubavu wa kushoto na ya pili ubavu wa kulia, juu kidogo ya kitovu, akavuta. Futi ikateleza, ikapanda, kama kawaida yake kwenye matumbo. Alipoirudisha chini ikae sawasawa, ikadai inchi mbili zaidi.

Akaganda na pini zake mdomoni. Miaka thelathini amegombana na matumbo ya watu kwa jambo hilohilo. Na dunia, aliambiwa tangu darasa la pili, si kitambaa kilichotandazwa mezani.

Akaomba radhi, akachukua chaki, akatia alama ya mji wake upande huu wa gauni kuukuu alilovaa mwalimu na mji wa binti upande ule. Akavuta. Futi ikapanda kaskazini kutafuta njia fupi, palepale binti aliposema. Mwalimu alicheka hadi mtoto akarusha teke, na miji yote miwili ikatikisika.

Jioni Bi Futi akapiga simu. Alisema anakuja, kiti kilipiwe, na akaomba msamaha kwa kumtilia mtoto wake shaka.



"Ila ile ya mwaka mmoja, mama, nilikudanganya," binti akasema. "Nilijua ni zaidi."

"Hilo nililijua siku ileile. Mtu wa kwenda mwaka mmoja hamwombi mama yake aziachie nguo zake pindo la kupanulia." Bi Futi alikuwa analia na hakujali kusikika. "Haya, tafuta futi ujipime tumbo. Nitakuja na gauni lako, na hilo pia nitaliachia pindo."