Mzee wa Mlangoni

Kabla jua halijapanda sawasawa, Mwalimu Melkiory alikuwa ameshaapishwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa chumbani. Mkewe, Stephania, alimbana akiwa bado anahangaika na vifungo vya shati. "Baba Winston, leo ukiulizwa habari za picha, wewe hujawahi kuona picha. Hujui hata televisheni inawashwa wapi."

Mara ya pili ilikuwa ndani ya gari la kukodi, wakitoka Ihanda kwenda Kibingo kumposea Winston. Kijana mwenyewe aligeuka kutoka kiti cha mbele na kumtazama baba yake kwa macho ya mtu ambaye hajalala. "Baba, nakuomba. Leo tu."

Melkiory aliahidi, na aliudhika kuahidi. Mwalimu mstaafu wa miaka sitini na sita kulishwa kiapo kama mtoto wa chekechea. Lakini hakuwa na la kujitetea. Miaka mitatu nyuma walikwenda kuposa Nyaishozi, mazungumzo yakaenda vizuri mpaka mjomba wa binti alipoanza kuisifu picha fulani ya karate ya zamani. Melkiory akasema mbele ya watu wote kwamba picha ile ni takataka, kwamba mwalimu wa stelingi anauawa kabla hata hatujamjua jina, na kwamba mtu anayelizwa na kitu kama kile anaweza kulizwa na chochote. Mjomba yule alikuwa amelizwa nayo. Posa ikafa palepale, na Winston akakaa mwaka mzima hazungumzi na baba yake isipokuwa kwa mambo ya kahawa na mbolea.

Sasa Winston alikuwa na miaka thelathini na minne. Joyness, muuguzi, binti wa Mzee Protase wa Kibingo, alikuwa amekwisha kumwambia kwamba yeye hatatoroka kwao kwenda kwa mwanamume. Baba yake akikataa, basi ndiyo mwisho. Kwa hiyo siku hiyo ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni Melkiory kufunga mdomo.

Kwa bahati, desturi ilikuwa upande wao. Baba wa mwoaji hasemi, anasemewa. Walikuwa na mshenga, Egbert, mwenye ulimi wa kupendeza na koti la suti lililomzidi mabega. Melkiory alikuwa na wajibu wa kukaa, kuitikia salamu, na kutafuna buni, zile kahawa kavu za wageni, akiletewa.

Wakakuta televisheni inawaka.

Mzee Protase alikuwa ameinunua baada ya msimu wa kahawa, kioo kipana kimetundikwa ukutani juu ya kalenda ya kanisa, na haikuwa na maana kuwa nayo halafu wageni waje waikute imezimwa. Alipunguza sauti tu, kwa heshima. Ilikuwa tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mwanamke mwenye gauni la kijani alikuwa akigeuka kumtazama mwanamume aliyeingia. Akageuka tena. Kisha akageuka mara ya tatu, kwa upande mwingine, huku ngoma zikilia.

Melkiory aliumia kabisa. Mtu anaingia chumbani mara moja, wao wanakuonyesha mara tatu, kana kwamba watazamaji wote wana ugonjwa wa kusahau. Sehemu mia mbili za namna hiyo, na mwishoni bado hujui nani kazaa na nani. Alikumbuka ule mchezo wa zamani wa inspekta mnene aliyekuwa na koti moja tu, sehemu sita basi, uliooneshwa zama zile televisheni ilikuwa moja tarafa nzima. Hakuna aliyeukumbuka tena isipokuwa yeye. Inspekta hakugeuka mara tatu maisha yake yote. Melkiory akafungua mdomo. Stephania akakohoa, naye akaufunga.

Egbert akaanza kazi yake. Alisema wamepita njiani wakaona ua zuri katika shamba la watu, na maneno mengine ambayo washenga wanasema. Wazee watatu wa ukoo wa Protase wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ikabaki kumsubiri baba mdogo wa binti, aliyekuwa amekwama na pikipiki yake, ndipo jibu litolewe. Na katika kule kusubiri, mambo yakaharibika, na aliyeyaharibu si Melkiory. Hilo lazima lisemwe kwa haki.

"Hizi za siku hizi hazina kitu," alisema Mzee Protase, akielekeza kidole kwenye televisheni. "Picha zilikuwa zile za zamani. Kulikuwa na moja ya Kihindi, nadhani hapa hakuna anayeijua. Jina lake lilikuwa kwa maandishi yao, hatukuweza kulisoma. Niliiona Murongo, katika banda la video, kwa mkanda uliovuka kutoka Uganda, na sauti ya mtafsiri wao imo humo humo. Binti anakuja usiku na mvua, anagonga mlango, anafungua mzee mwenye ndevu nyeupe."

Melkiory akaisahau televisheni. Kwa miaka thelathini alikuwa amemtafuta binadamu mmoja tu aliyeiona picha ile. Aliwauliza walimu wenzake, aliwauliza wauza mikanda wa Kayanga, na mara moja alimuuliza hata mchungaji mlangoni pa kanisa. Wote walimtajia picha nyingine, zile zinazojulikana na kila mtu. Na sasa mtu mwenyewe ameketi mbele yake, na yeye Melkiory ameapa kunyamaza.

"Anamvika blanketi mabegani," alisema Melkiory. Hakujua kama amesema mpaka aliposikia sauti yake.

Mzee Protase akamgeukia, uso umechanua. "Umeiona?"

"Kayanga, mwaka tisini na tano. Mtafsiri alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti." Stephania alikohoa tena, kwa nguvu, lakini sasa ilikuwa kazi bure. "Yule mzee ndiye mwigizaji pekee niliyemwona maishani mwangu. Wa siku hizi wangelia mpaka shati lilowe. Yeye hana hata chozi. Anamwambia binti yake, chukua blanketi hili, rudi kwa mumeo, hapa si kwenu tena. Basi. Anasimama pale kama nguzo. Huo ndio uigizaji."

Uso wa Mzee Protase ukakunjana. "Rudi kwa nani?"

"Kwa mumewe."

"Mwalimu, yule mzee alisema ingia ndani, mwanangu. Hapa ni kwenu. Mtafsiri wa Uganda alilisema mara mbili."

"Mzee Protase, samahani, kama alimwambia aingie, mbona hatumwoni akiingia? Baada ya blanketi ni wimbo. Binti yuko porini anaimba."

"Wahindi wanaimba popote."

Egbert alijaribu kuleta habari za bei ya kahawa. Hakuna aliyemsikia. Mzee Protase alikuwa amesogea mbele kwenye kiti, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo lililowatisha wageni kuliko kama angefoka.

"Mwalimu, mimi sibishani kuhusu picha. Binti yangu mkubwa, Anonciata, aliolewa Nkwenda. Miaka saba iliyopita nilisikia anapigwa. Wazee hawa unaowaona waliniambia, mwache, ameshaolewa, atazoea. Nilikaa siku tatu sili. Kisha nikamkumbuka yule mzee wa kwenye mlango. Nikapanda pikipiki nikaenda kumchukua, yeye na watoto wake wawili. Watu walinicheka, na wengine wananicheka hadi leo. Sijali. Sasa wewe umekuja kuniomba mwingine, na unaniambia kwamba uzuri wa picha ile ni baba aliyefunga mlango."

"Nilisifu uigizaji," alisema Melkiory.

"Ndiyo. Nimekusikia ulichosifu."

Hapo Melkiory alipaswa kukasirika. Alikuwa na kila sababu, maana ni kosa la kitoto kuchanganya mwigizaji na alichoambiwa aigize, na alikuwa na hotuba nzima juu ya kosa hilo. Lakini hotuba haikuja. Alijikuta akimwaza mdogo wake, Evaresta, aliyeolewa Rugera. Mwaka tisini na sita, miezi michache baada ya picha ile, Evaresta aligonga mlango wake kule Ihanda akiwa na kifurushi. Melkiory hakulia. Alimpa kitenge cha mkewe, akampakia kwenye baiskeli, akamrudisha kwa mumewe, na njia nzima alijiona mwanamume mwenye msimamo. Mwaka uliofuata Evaresta alipoteza meno mawili ya mbele. Tangu hapo walikutana misibani tu. Alimwamkia, shikamoo kaka, akapita.

Winston, mwenye uso wa mtu anayeona nyumba yake ikiungua, akatoa simu mfukoni.

"Ninayo," alisema. "Niliipata mtandaoni mwaka jana, nikamhifadhia baba. Alikataa kuiangalia. Alisema picha kubwa haitazamwi kwenye kioo cha ukubwa wa mche wa sabuni. Hii haina mtafsiri. Ni Kihindi chenyewe, na chini kuna maandishi ya Kiingereza."

"Kiingereza mimi hakinijui," alisema Mzee Protase. "Lakini Mwalimu anakijua. Atusomee."

Winston akasogeza, akarudisha, akasogeza tena, kisha akamkabidhi baba yake. Wazee wakasimama nyuma ya kiti. Anonciata mwenyewe alikuwa ametoka jikoni na bakuli la buni, akasimama nyuma ya bega la Melkiory akisubiri nafasi ya kuliweka.

Mvua ikanyesha kwenye kioo kidogo. Binti akagonga. Mzee mwenye ndevu nyeupe akafungua, na Melkiory, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, hakuweza kujizuia kuona kwamba kumbukumbu yake haikumdanganya, mtu yule alikuwa mwigizaji hasa. Midomo yake ikacheza. Maandishi yakatokea chini, meupe na wazi, na Melkiory akayasoma kimoyomoyo.

"Mimi ni mlinzi tu, binti. Wenye nyumba walihama mwaka jana. Sijui walikokwenda. Chukua blanketi hili."

Akayasoma tena. Hakukuwa na baba. Mtafsiri wa Kayanga hakujua Kihindi, na yule wa Uganda hakujua Kihindi, kila mmoja aliona mzee mwenye ndevu, akatunga lililomjia. Kwa maneno ya wababaishaji wawili wenye vipaza sauti, mwanamume mmoja alimfuata binti yake na mwingine akamrudisha dada yake. Hasira iliyompanda Melkiory haikuwa na mahali pa kwenda. Hakuwahi kuacha kosa la picha lipite. Aliwahi kusimama katikati ya kipaimara cha mtoto wa jirani kusahihisha mwaka wa picha. Na sasa ukweli ulikuwa mkononi mwake, kwa maandishi.

"Anasemaje?" aliuliza Mzee Protase. Sauti yake ilikuwa na hofu kidogo.

Melkiory akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa. "Anasema, ingia ndani, mwanangu. Hapa ni kwenu." Akamgeukia mwenyeji wake. "Mzee Protase, wewe ndiye uliyeona sawa. Kule Kayanga walitupotosha."

Winston alimtazama baba yake. Yeye pia alikuwa ameyasoma maandishi. Na hapo ndipo Melkiory alipokumbuka kwamba mwanamke aliyesimama nyuma ya bega lake alimaliza kidato cha nne. Egbert mwenyewe ndiye aliyewaeleza njiani, kwamba ni familia ya watu waliosoma.

Mzee Protase akamgeukia bintiye. "Ni kweli, Anonciata? Wewe unakijua."

Anonciata aliendelea kutazama simu. Yule mzee alikuwa amesimama mlangoni peke yake sasa, binti ameshaondoka, na wimbo ulikuwa unaanza.

"Ni kweli, Tata," alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa. Amesema mara mbili."

Akainama kuweka bakuli mezani. Buni mbili zikadondoka. Mzee Protase hakuona, alikuwa akiwacheka wazee wa ukoo mmoja mmoja, akiwauliza mnaona, mnaona. Baba mdogo alipofika na pikipiki yake alikuta kila kitu kimekwisha. Posa ilikuwa imepokelewa na Egbert alikuwa anaomba maji ya kunywa.

Waliondoka saa kumi jioni. Ndani ya gari Stephania, ambaye hakusoma maandishi yale lakini alimjua mumewe, alikuwa akimtazama kwa pembeni. Walipokaribia njia panda ya kwenda Rugera, Melkiory akamgusa dereva begani.

"Pinda hapa."

Winston akageuka. "Kwa shangazi Evaresta? Tunakwenda kufanya nini, baba? Hata hatujamwambia."

"Nampelekea habari," alisema Melkiory. Alitaka kuishia hapo, lakini akaona ni afadhali aseme yote. "Nataka kumwambia kwamba kuna picha niliiona vibaya."