Fomu ya Profesa Hirasaku

Profesa Hirasaku alikuja kijijini kwetu na begi la fomu. Anasomea dini za Wajapani, ati! Miaka thelathini anatusoma, na hata viatu akivivua mlangoni hajui kuvigeuza vielekee nje, kama tufanyavyo sote.

Fomu ilikuwa na swali moja kubwa: "Una dini?" Nikaandika "Sina." Karibu kijiji kizima tuliandika hivyohivyo. Loo, ungeandika nini? Kwetu mwenye dini ni yule anayekubishia hodi Jumapili na vijitabu vyake, ukimfukuza haondoki. Nikaweka kalamu chini, nikampelekea marehemu mume wangu wali wa moto kwenye madhabahu ya sebuleni, kama kila asubuhi. Profesa alikuwa palepale, anakunywa chai yangu. Hakuuliza kitu, maana kwenye fomu haikuwamo nafasi ya wali.

Miezi mitatu baadaye halmashauri ikasomewa ripoti: asilimia tisini na sita hawana dini. Basi Jizo wetu wa njiapanda, ile sanamu ya jiwe ya mlinzi wa watoto waliokufa, hana mwenyewe. Apelekwe stoo ya makumbusho, barabara ipanuliwe.

Siku ya kumng'oa niliwahi, nikasimama mbele yake. Profesa naye yupo, kavaa helmeti, anajiona injinia.

"Mama Urano, sogea, utaumia."

"Sisogei ng'o."

"Lakini wewe mwenyewe uliandika huna dini! Fomu yako hii hapa."

Nikaona mwandiko wangu. Aibu ilinishika, halafu hasira ikanipanda.

"Huyu namshonea kitambaa chekundu cha shingoni kila mwaka, mwaka wa arobaini na saba huu. Unajua kwa nini?"

"Ni desturi ya kale ya..."

"Desturi, desturi! Mwanangu Minoru aliishi siku mbili. Hata shati hakuwahi kuvaa. Dini sina, Profesa. Nina mtoto."

Dereva wa katapila, Makabe, akazima injini. Akashuka, akavua helmeti, akaunganisha viganja mbele ya Jizo, akainama.

"Mama, katapila limeharibika," akaniambia. "Na kesho litaharibika tena."

Profesa akamkodolea macho. "Kwani wewe una dini?"

"Nani, mimi? Sina."

Masikini Profesa, akatoa kalamu, akamwongeza kwenye asilimia zake.