Shikamoo Dirishani

Bwana Gitau aliubandika ule waraka dirishani kwangu Jumatatu asubuhi, kwa gundi nyingi, kama aliyejua nitatamani kuubandua. Abiria atataja mambo matatu tu: aendako, daraja na idadi ya tiketi. Karani hatasalimiana na abiria. Chini yake sahihi, kubwa kuliko maandishi yenyewe.

Kituo chetu, chini ya vilima vya Rabai, kilikuwa na dirisha moja tu la tiketi mwaka ule wa 1984, na aliyeketi nyuma yake ni mimi, Nduku, binti wa Kibwezi. Gitau alikuwa mkuu wetu mpya. Alikuwa amekaa nyuma yangu siku mbili nzima akitazama saa yake ya mkononi. Salamu moja, akasema, inakula nusu dakika. Abiria arobaini, dakika ishirini. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

"Na wewe bado uko kwenye majaribio," akanikumbusha. "Barua yako ya kazi ya kudumu iko mezani kwangu. Ijumaa nitaitia sahihi, au sitaitia."

Niliitaka barua ile. Mama yangu alikuwa akila kwa mshahara wangu, na kazi nyingine ya karani nilikuwa nimeitafuta hadi Malindi nikaikosa.

Lakini nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Wiki yangu ya kwanza pale, mimi nami nilikuwa mkavu vilevile. Nilimwambia Mapenzi, mama mmoja muuza nazi, "Unaenda wapi?" Aliweka kapu chini, akanitazama, akangoja mpaka nikaona haya. Huku mtu haombi hata maji kabla ya kukuuliza umeamkaje. Ukimruka salamu, umemwambia kwamba humwoni.

Jumanne Mapenzi alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kama kawaida yake. Mtu mmoja akamsomea waraka kwa sauti. Yule mama akanitazama tena kama siku ile ya kwanza, na hasira ikanipanda.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sauti ya kufika ofisini.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Gitau akatoka mbio. "Toka hapo!" Akaketi kwenye kiti changu, akainamia dirisha. "Wapi?"

"Hujambo, mwanangu?" akauliza Mapenzi.

"Mama, wapi, daraja gani, ngapi!"

"Nimekuuliza hujambo."

"Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa Kazungu, fundi wa viatu. Akavua kofia. "Hujambo, bwana?"

"Anayefuata!"

"Hujambo, bwana?"

Ikawa hivyo mpaka mwisho wa foleni. Watu arobaini, pesa mkononi, na hakuna aliyetaja Voi wala Mazeras. Sikuwa nimewafundisha, wallahi. Treni ikaingia, ikasimama, na gadi wa treni akaja na bendera yake kwapani kuuliza mbona watu wote hawa hawana tiketi.

"Wamegoma," akasema Gitau.

"Hatukugoma," akasema Mapenzi. "Twangoja kujibiwa."

Gadi akaitazama saa, akamtazama Gitau. Kuiruhusu treni iondoke na kuwaacha abiria arobaini kungehitaji ripoti, na ripoti hiyo ingeandikwa na mkuu wa kituo. Jasho likaanza kumtoka Gitau.

"Nduku, keti. Uza tiketi."

Kupitia mlango wa ofisi barua niliiona pale mezani, mahali pa sahihi pakiwa peupe.

"Siketi," nikasema, "mpaka umjibu mama. Na ni mkubwa wako kwa umri. Kwake huanzi na sijambo."

Sijui alinichukia kiasi gani wakati ule. Kwa saa yake mwenyewe treni ilikuwa imechelewa dakika ishirini na tatu. Akakigeukia kile kidirisha, akatazama chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mapenzi kwa upole, akisukuma pesa zake. "Voi, daraja la tatu, moja."

Ijumaa nilipofika kazini, barua ilikuwa imetupwa kwenye kiti changu, imetiwa sahihi. Gitau alikuwa ofisini kwake, amenipa mgongo. Niliisoma mara mbili. Kisha nikairudisha mezani kwake, nikazunguka nikasimama mbele yake, nikangoja aniamkue kwanza, ndipo anikabidhi mkononi.