Risasi Yangu Imekwama Bwaloni

Mimi, Gwamaka Mwasandube, Mtetezi Mkuu wa Usawa wa Intaneti, natangaza rasmi kwamba data zote ni sawa, na hakuna itakayoitangulia nyingine kwa ukubwa, kwa utajiri wala kwa kujuana. Cheo hicho nilijipa mwenyewe bwenini jana jioni, wenzangu wakiwa wanapiga mswaki.

Usiku wa jana niliota kwamba fainali ya Jumamosi imefika. Tuko chumba cha kompyuta, mimi na Lukelo anayelala kitanda cha juu yangu, tunapambana kwenye gemu. Atakayeshindwa atampa mwenzake nyama yake ya Jumapili mpaka shule ifungwe. Kwa mtu anayekula maharage na mchicha wiki nzima, hiyo si nyama, ni sababu ya kuishi.

Lukelo anakuja na shoka. Namlenga. Nafyatua. Risasi haitoki.

Nachungulia ndani ya mtutu. Humo kuna bwalo letu la chakula, na foleni ndefu. Risasi yangu imesimama katikati, imevaa sweta la shule, imeshika sahani.

"Nasubiri zamu, kaka," ikasema kabla sijauliza. "Kila kitu cha intaneti kinapakuliwa hapa. Sisi wa gemu ni wadogo, kwa kawaida tunapita haraka. Leo hatusogei."

Nikaingia ndani ya mtutu. Nyuma yangu Lukelo alikuwa ameganda, mguu mmoja hewani, maana hatua yake iliyofuata nayo ilikuwa kwenye foleni. Aliniuliza kama nyumbani hawajambo. Nikamwambia hawajambo, ila ashushe shoka kidogo. Akasema angependa sana, lakini hata kushusha kunahitaji zamu.

Mara filamu moja nene ilipita pembeni ikiwa imebeba godoro, ikapakuliwa kwenye dirisha dogo la nyuma. Nikauliza kulikoni. Upawa, uliokuwa umevaa tai na kujiita Mamlaka ya Foleni, ulinieleza kwamba filamu ina mkataba. Kampuni yake imezungumza na wenye bwalo.

Nikapanda juu ya meza. Hapohapo bwalo likawa bunge, ingawa harufu ya maharage haikuondoka. Nilihutubia mpaka koo likakauka. Nilisema risasi ya mnyonge na filamu ya tajiri zina njaa moja. Vijiko vikapiga meza. Sheria ikapita bila kupingwa, kwa kuwa filamu ilikuwa inatafuna.

"Kuanzia sasa hakuna dirisha la nyuma," ukatangaza Upawa. "Kila mmoja kwa zamu yake."

Filamu ikakatwa vipande na kurudishwa mwisho wa foleni pamoja na godoro lake. Miguu ya shujaa wake ilitangulia peke yake, suruali ikafuata, na mdomo ukabaki mlangoni ukimalizia kumposa msichana. Nilifurahi kupita kiasi. Foleni, hata hivyo, haikusogea.

Upawa ukaenda mbele kutazama. Kutoka kwenye sufuria hadi miguuni pa risasi yangu, sakafu ilikuwa imejaa sahani tupu, zimepangwa moja nyuma ya nyingine. Shuleni kwetu kila mtu anajua: ukiacha sahani kwenye foleni, ni sawa na umesimama mwenyewe. Haiguswi. Unakwenda kulala, ukirudi uko mbele.

"Za nani hizi?"

"Za Gwamaka," zikajibu sahani kwa pamoja, kwa adabu.

Nikasema lazima ni Gwamaka mwingine. Zikataja ukoo, bweni na namba ya kitanda.

Risasi ikanigeukia taratibu. "Kumbe muda wote huu niko nyuma yako wewe," ikasema.

Upawa ukatekeleza sheria yangu kama nilivyoihutubia. Ukazizoa sahani zote, nami nikapelekwa nyuma ya godoro. Zamu ya risasi ilipofika, ilisema haina hamu tena, ikaliachia shoka la Lukelo lipite. Kisha Upawa ukanigonga kwenye paji la uso, kama mtu anayepiga muhuri.

Nikaamka. Nilipojipapasa nikakuta duara limebonyea kwenye paji, na ndani yake ganda la harage. Jana tulikula mchicha.

Kwenye foleni ya uji alinikuta Mwalimu Haule, msimamizi wa chumba cha kompyuta.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani kakupiga?"

"Sahani zile ni zangu, mwalimu."

"Sahani gani?"

Mtu mwenye akili angesema ameteleza bafuni. Mimi nikamweleza yote: kwamba niliichungulia nywila yake akiiandika, nikakiagiza kisanduku cha intaneti kiihudumie kompyuta yangu kwanza, ili Jumamosi risasi zangu ziwahi, na ndiyo maana alama zake za mitihani zinakwama kila akizituma, na Kidato cha Pili wanashinda wakitazama kiduara kikizunguka.

 Mwalimu Haule alikuwa anataka kunipeleka kwa nesi tu.

Nyuma yangu Lukelo alikuwa ameacha kupuliza uji wake. "Kwa hiyo fainali, Gwamaka?"

"Umeshinda."

"Na nyama?"

Nilimwangalia mwalimu, nikauangalia uji.

"Na nyama," nikasema.