Vigae vya Wacheza Poka

Shangazi alikuwa mkunga mstaafu, na mikono ile iliyopokea nusu ya watoto wa mtaa sasa ilishika simu ikicheza poka mtandaoni. Msimcheke. Alikuwa mkali huyo! Vijana na digrii zao walikuwa wakiinuka mezani kwake wameliwa hadi nauli. Alichoshinda alikiacha kwenye akaunti yake ya mchezo kikue, maana nyumba yake ilikuwa imefika kwenye linta ikakwama, na mabati hayanunuliwi kwa maneno matamu.

Siku alipoomba fedha zake, kampuni ikamjibu, "Mfumo unafanyiwa matengenezo." Miezi minne! Matengenezo gani hayo? Hata meli ingekuwa imeshaundwa upya.

Aliyemfumbua macho ni mtoto wa kaka yake, fundi vigae kwenye jengo jipya la ghorofa tano.

"Shangazi, leo tumepokea vigae. Hati ya mzigo ina jina la kampuni yako ya karata."

"Iko wapi hiyo hati?"

"Kaichukua mtunza stoo."

"Ala! Kumbe paa langu limegeuka sakafu ya watu!"

Jumamosi wanunuzi walikaribishwa kutazama nyumba za jengo hilo. Shangazi akavaa gauni lake la kuendea harusi, akajitoma ghorofa ya tatu na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na cheti chake cha miwani, basi.

Sebuleni aliwakuta watu kumi na wawili, huyu anafungua dirisha, yule anagonga ukuta. Mzee mmoja akamwambia dada wa mauzo, "Taratibu, binti, nina magoti mabovu mimi." Moyo wa Shangazi ukaruka. Maneno hayo aliyasoma kila siku kwenye meza ya mtandaoni, kama jina la mchezaji!

"Magoti Mabovu! Ni wewe?"

Mzee akakodoa macho. "Usiniambie wewe ni Mama Koleo!"

"Ndiye mimi, niliyekufilisi mwezi wa pili!"

"Mama Koleo yuko hapa?" akadakia mwanamke aliyekuwa jikoni, akatoka mbio.

Kumbe hakukuwa na mnunuzi hata mmoja. Wote wachezaji, wote wamezuiliwa fedha, wote wamesikia fununu, na kila mtu kaja kunusa kivyake. Wakakumbatiana kama ndugu waliopoteana, wakacheka mpaka dada wa mauzo naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Hapo bosi wa kampuni ya poka akaingia, suti inang'aa. "Karibuni sana, wapendwa! Nani anaanza kulipa?"

"Wewe," akasema Shangazi.

Akaweka bahasha mezani, akaifunika kwa kiganja. Roho ilikuwa mkononi, lakini uso umetulia tuli. Miaka thelathini aliwaambia wazazi "bado kidogo tu, mama" huku mwenyewe akitetemeka. Uso ule haukuanzia kwenye poka.

"Hati ya mzigo wa vigae, mwanangu. Jina lililoandikwa unalijua. Utulipe sasa hivi, la sivyo naipeleka polisi."

Bosi akaitazama bahasha. Akamtazama Shangazi. Jasho likamchuruzika. Mtu ana meza mia za poka, kusoma uso wa bibi mmoja hajui! Akatoa simu, akampigia mhasibu. "Wafungulie. Ndiyo, wote. Sasa hivi!"

Simu zikaanza kulia kwa ujumbe wa malipo, moja baada ya nyingine, na sebule ikalipuka vigelegele. Magoti Mabovu alimshika mkono dada wa mauzo, wakacheza juu ya vile vigae vipya. Shangazi aliusoma ujumbe wake mara mbili, machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. Mabati yote, na misumari juu yake!

"Haya, nipe hiyo hati," akasema bosi.

Shangazi akairudisha bahasha kwapani. "We! Una kampuni ya poka na hujui hata sheria zake? Aliyekubali kushindwa haonyeshwi karata."

"Haonyeshwi!" wakaitikia wote kwa pamoja, wakishuka ngazi.