Kobe Chini ya Kuni za Mtakatifu Antoni

Tatana aliinua vigae, akapekua majani makavu chini ya mtini, akakuta shimo tupu. Kobe wa marehemu mumewe, Sajini, kila Novemba anajifukia palepale na kulala mpaka Machi. Safari hii kachimba chini ya wavu wa kuzuia panya, katoka.

Hakuhitaji kuuliza ilikuwaje. Baada ya Krismasi upepo wa joto ulivuma wiki nzima, hata mlozi ukadanganyika ukachanua. Kobe naye akaamka. Baridi iliporudi, akatafuta pengine pa kulala. Ua una ukuta pande zote, hivyo yumo humuhumu. Tatana alichokoa kila kona kwa mikono. Ikabaki sehemu moja: chini ya rundo la kuni.

Rundo lilikuwa refu kama nyumba. Wanaume wa mtaa walilipanga hapo kwa ruhusa yake, maana uwanja wa kanisa umefukuliwa kwa ajili ya mabomba. Moto wa Mtakatifu Antoni, wa kila Januari, unawashwa jioni hiihii.

"Bustianu," akamwita msimamizi wa kuni, "hapa hapawashwi kitu. Sajini yuko chini."

"Shangazi, yule ana gamba. Atatoka kaiva vizuri tu."

"Utaiva wewe. Ondoeni."

"Kuni zikishapangwa hazishikwi mpaka padri azibariki. Unajua hilo."

"Najua. Na Antoni ni mtakatifu wa nini?"

Bustianu akajikuna shingo.

"Nakuuliza, mtu mzima na ndevu zako. Wa nini?"

"Wa wanyama."

"Haya, mchome mnyama wake umfurahishe."

Hakungoja jibu. Akakunja mikono ya sweta lake jeusi, akavuta gogo la mwaloni. Likamshinda. Akashika dogo, likatoka. Akashika jingine.

"Toka hapo, litakuporomokea, halafu binti zako niwaambie nini?" Bustianu akapanda juu kabisa huku akinung'unika, akaanza kushusha. Wenzake wakaja, mmoja analalamikia mgongo, mwingine anauliza kama huyo kobe anapiga kura.

Chini kabisa, udongo ulikuwa umevimba. Tatana akapiga magoti, akafukua kwa vidole. Sajini alitoka wa baridi kama jiwe. Akamgusa mguu wa nyuma. Kimya. Akagusa tena, akangoja. Mguu ukarudi ndani polepole, kama wa mzee aliyevutwa blanketi.

"Mzima," akasema. "Msimshikeshike, ataamka."

Padri alipofika na maji ya baraka, alikuta magogo yametapakaa ua mzima na mwenye nyumba kalala kifudifudi chini ya mtini, anazika wavu kwenda chini zaidi kuzunguka shimo alimomrudisha Sajini.

"Tatana, watu wanangoja moto."

"Wapange kuni kule ukutani." Hakugeuka. "Wewe Padri, weka hayo maji chini unishikie wavu. Kaza. Huyu anachimba."