Mtoto wa Kwenye Karatasi

Kule Rugenge, mtaa wa mji ulio kando ya ziwa, wanawake wa parokia walikuwa wakikutana kila Jumamosi kusoma. Mwalimu wao, Pélagie, alikuwa na namna yake: anasoma hadithi, anaikata katikati, anafunika karatasi, halafu anawagawa vikundi wajadiliane itaishaje. Mtu asiyewahi kufungua kinywa kanisani, hapo anabishana mpaka kitambaa kinamwanguka kichwani.

Georgette hakukosa hata mara moja. Mwanawe Gédéon alikimbia siku ile risasi zilipolia mjini, akaelekea ziwani na wenzake, na tangu hapo kimya. Shemeji zake walitaka kilio kifanyike: majirani walete kuni, moto uwashwe uani, watu walale nje, yaishe. Alikataa katakata. Kuni za kilio zikiingia kwangu, alisema, nimemzika mimi mwenyewe. Na wanawake wa kikundi walimuunga mkono. Kila wakikutana naye sokoni: "Atarudi, mama. Mungu iko." Maneno hayo ndiyo yaliyompa usingizi.

Jumamosi moja Pélagie alisoma habari ya kijana aliyepanda mtumbwi wakati wa vita asirudi. Kwa nini aliichagua hiyo, jamani? Hakuwa na ubaya. Aliipenda tu kwa sababu ilikuwa fupi. Akafunika karatasi.

"Haya. Ule mutoto iko wapi? Mujadiliane."

Georgette alikaa na Fanny, jirani wa ukuta mmoja, na Nicole, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Akangoja waseme lile neno lao.

"Huyo alikufa," akasema Nicole. "Mutoto muzima hawezi kukosa namna ya kujulisha mama yake. Siku hizi kila muntu iko na telefone."

"Na ule mama anajua," Fanny akadakia. "Anajidanganya tu. Majirani nao wanamuitikia juu ya huruma."

Ulimi hauna mfupa. Fanny alimtazama Georgette, akashika mdomo. "Miye nasema ule wa kwenye karatasi," akanong'ona. Nicole akainamia vidole vyake.

Georgette alitafuta hasira, akaikosa. Muda wote ule walimdanganya, na walimdanganya kwa kumpenda. Iliuma kuliko tusi.

Vikundi vilipotoa majibu, jibu lilikuwa moja: alikufa. Pélagie akafunua karatasi, akasoma mwisho: kijana alirudi, amekonda, akamkuta mama yake mlangoni. Wanawake wakapiga makofi, wakacheka kwa kushindwa. Georgette hakupiga. Aliyeandika karatasi ile hakumjua Gédéon. Hawa walimjua, walimbeba mgongoni.

Nje, Fanny alimkimbilia, akamshika mkono. "Mama Gédéon, usiniwekee moyoni. Atarudi."

Georgette alisimama. Hakuutoa mkono wake.

"Kesho mukuje kwangu," akasema. "Mulete kuni."